Jipange, Ziwa Linarudi Nyuma

Neno la taifa siku hizi si harambee. Ni jipange. Umefutwa kazi? Jipange. Kodi ya nyumba imepanda? Jipange. Mvua imekosa, mvua imezidi, karo imekushinda, mtoto ni mgonjwa na mfuko ni mtupu: bado ni jipange tu. Na halisemwi kwa ubaya. Mara nyingi anayekuambia hivyo pia hana kitu, na anakutakia mema kabisa.

Lakini hebu sikiliza sarufi yake. Shuleni tulifundishwa kwamba kile kiambishi -ji- kinamrudisha mtenda kwake mwenyewe. Kujiosha, kujilisha, kujipanga. Wewe ndiye unayetenda na wewe ndiye unayetendwa. Hakuna mtu mwingine ndani ya neno hilo. Hakuna jirani, hakuna ndugu, hakuna serikali ya kaunti.

Nafikiri nyuma yake kuna fundisho zima la maadili ambalo hatulisemi kwa sauti. Linasema hivi: vitu vikiwa vingi, watu wanaweza kuwa wema. Vikipungua, kila mtu lazima avute kwake, na hatuwezi kumlaumu. Wema ni anasa ya walioshiba. Ukimwona mtu anafungia wenzake nje wakati wa shida, usimwite mbaya, sema tu maisha ni magumu.

Neno la kuangalia hapo ni "lazima". Kama ni kweli kwamba uhaba unatulazimisha kuwa wabinafsi, basi hakuna swali la maadili hata kidogo. Huwezi kumlaumu mtu kwa kitu asichokuwa na uwezo wa kukiepuka, kama vile hulaumu jiwe kwa kuanguka. Lakini kama si lazima, basi kila mara tunaposema "hali ni ngumu" huku tukifunga mlango, tumechagua. Na mtu aliyechagua anaweza kuulizwa kwa nini.

Nataka kulijaribu fundisho hilo mahali ambapo mazingira yalibadilika kuliko chochote ambacho kizazi chetu kimewahi kuona. Mahali penyewe pako hapa hapa Kenya: kando ya Ziwa Turkana, kati ya miaka 10,000 na 4,000 iliyopita. Mimi si mwanaakiolojia. Niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, na siku hizi naishi kwa kuandikia watu wengine vitu vyao. Lakini makala nyingi za utafiti ziko mtandaoni bure, na usiku bando huwa za bei nafuu.

*

Leo ukifika Turkana unakuta ziwa la rangi ya kijani lenye urefu wa kilomita 250 hivi, limelala katikati ya nchi kavu kabisa. Maji yake yana magadi. Upepo haupumziki. Mto Omo kutoka Ethiopia ndio unaoleta sehemu kubwa ya maji, na hakuna mto wowote unaotoka. Maji yanaingia kwa mto na kuondoka kwa jua.

Sasa ifute picha hiyo. Miaka 10,000 iliyopita, dunia ilikuwa imekaa kwenye mzunguko wake kwa namna iliyofanya jua la kiangazi upande wa kaskazini kuwa kali kuliko la sasa. Jua hilo lilivuta mvua nyingi ndani ya bara. Sahara ilikuwa na nyasi, maziwa na viboko. Wanasayansi wanakiita kipindi cha unyevu wa Afrika. Kilianza karibu miaka 15,000 iliyopita na kufika mwisho kama miaka 5,000 iliyopita. Wakati huo Ziwa Turkana lilipanda hadi karibu mita 80 au 100 juu ya kiwango cha leo. Lilijaa mpaka likamwagika upande wa kaskazini-magharibi na kuungana na maji ya Nile. Fikiria jengo la ghorofa 25 hivi pale ufuoni. Hilo lote lingekuwa chini ya maji.

Watu walikaa kando ya ziwa hilo wakila vizuri. Lothagam upande wa magharibi na Lowasera upande wa mashariki, wachimbaji wamepata chusa zilizochongwa kwa mifupa, zenye meno ya kunasa samaki ubavuni. Mifupa ya samaki iko kwa wingi, mbuta na kambare, pamoja na ya kasa, mamba na kiboko. Hawa hawakuwa watu wa kubahatisha. Kumvua mbuta mwenye uzito wa mtu mzima kwa mfupa uliochongwa kunahitaji ujuzi, subira, na wenzako wa kukusaidia kumvuta.

Halafu mvua zikaanza kuondoka. Kuanzia kama miaka 5,300 iliyopita ziwa lilishuka kwa karibu mita 50 katika karne chache. Mita 50 kwenda chini si jambo dogo, lakini madhara makubwa yako ubavuni. Penye ufuo tambarare, maji yakishuka mita moja, ufuo unasogea mbali sana. Mahali ambapo babu yako alikuwa akirusha chusa panakuwa mchanga. Vighuba vya matope ambamo samaki walikuwa wakizaliana vinakauka. Unaamka, unatembea kwenda ziwani, na safari ni ndefu kuliko ya jana. Hakuna aliyekuwekea tangazo.

Kulingana na fundisho la jipange, hapa ndipo tunapaswa kukuta damu. Kwenye ziwa lililojaa tunapaswa kukuta amani, na kwenye ziwa linalokauka, vita.

*

Anza na ziwa lililojaa.

Mahali panaitwa Nataruk, kama kilomita 30 magharibi ya ufuo wa sasa. Zamani palikuwa ukingoni mwa kighuba cha maji. Mwaka 2012 watafiti wakiongozwa na Marta Mirazón Lahr wa Chuo Kikuu cha Cambridge walianza kukuta mifupa ya watu juu ya ardhi. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2016 katika jarida la Nature. Ni mabaki ya watu 27, wanawake na watoto wakiwemo, wa karibu miaka 10,000 iliyopita. Kati ya 12 ambao mifupa yao ilikuwa bado imeshikana vizuri, 10 walikuwa na dalili za kuuawa: mafuvu yaliyopondwa, magoti na mikono iliyovunjwa, ncha za mawe zilizobaki mwilini. Kipande kimoja cha obsidiani, lile jiwe jeusi la volkano linalokata kama wembe, kilikuwa bado kimekwama kwenye fuvu la mwanamume. Mwanamke mmoja alikuwa na mimba kubwa. Kwa jinsi mikono yake ilivyokaa, watafiti waliona huenda alikuwa amefungwa. Hakuna aliyezikwa. Walianguka ukingoni mwa maji na matope yakawafunika.

Wataalamu wengine wamehoji kama wote walikufa siku moja, na kama kila mfupa uliovunjika ulivunjwa na mtu. Ni haki yao kuuliza. Lakini ncha ya jiwe ndani ya fuvu haikuingia na upepo.

Zingatia wakati wenyewe. Hii haikuwa miaka ya njaa. Ziwa lilikuwa pana na tamu, samaki tele, kighuba chenye kila kitu. Watafiti wenyewe walitoa wazo kwamba huenda utajiri wa mahali ndio uliovutia washambuliaji. Palikuwa na kitu cha kuchukua, na pia mtu wa kunyang'anywa. Kwa hivyo shibe haikumfanya mtu kuwa mwema. Pengine ilimpa sababu ya kutamani cha mwenzake.

*

Sasa njoo kwenye ziwa linalorudi nyuma.

Lothagam ni kilima kirefu cha mawe meusi magharibi mwa ziwa. Upande wake wa kaskazini kuna jukwaa la mviringo lenye upana wa karibu mita 30, na juu yake nguzo za mawe. Kuna maeneo mengine kama hili kuzunguka ziwa, kama Jarigole upande wa mashariki na lile la karibu na Kalokol. Wenyeji wa leo wanayaita namoratunga, watu wa mawe. Hadithi inasema walikuwa watu wakicheza ngoma, wakageuzwa mawe.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, ukiongozwa na Elisabeth Hildebrand wa Chuo Kikuu cha Stony Brook, ulionyesha kilichoko chini ya mawe ya Lothagam. Kati ya miaka 5,000 na 4,300 hivi iliyopita, yaani wakati ule ule maji yalipokuwa yakikimbia, watu walikuja hapa wakatengeneza jukwaa. Katikati wakachimba shimo pana wakipita mchangani mpaka wakafika kwenye mwamba. Ndani ya shimo hilo waliwazika wafu wao, mmoja baada ya mwingine, kwa karne nyingi. Watafiti wanakadiria watu wasiopungua 580. Lilipojaa walilifunika kwa mawe, kisha wakasimamisha nguzo, nyingine zikiwa zimebebwa kutoka umbali wa hata kilomita moja. Jaribu kubeba nguzo ya mawe kwa kilomita moja juani Turkana, halafu uje uniambie kuhusu mazoezi yako ya gym.

Na ni kina nani waliozikwa? Wanaume, wanawake, wazee, vijana, watoto wachanga. Hakuna sehemu ya wakubwa na sehemu ya wadogo. Hakuna kaburi moja lenye dhahabu na mengine matupu. Karibu kila mtu aliyechunguzwa alikuwa na pambo lake: shanga za maganda ya mayai ya mbuni, shanga za mawe ya rangi, vitu vilivyochongwa kwa meno ya kiboko. Mmoja alikuwa amevishwa kichwani kitu kilichotengenezwa kwa mamia ya meno ya panya wadogo wa jangwani. Mtu alikaa chini akayakusanya meno hayo, moja moja, kwa ajili ya mtu mwingine.

Ili kuelewa ugeni wa jambo hili, tazama chini ya Nile katika miaka hiyo hiyo. Ukame uleule uliomaliza Sahara ya kijani ulikuwa umesukuma watu kando ya mto kule Misri. Karibu miaka 4,500 iliyopita, watu wengi mno walibeba mawe mengi mno ili kujenga piramidi ya Khufu. Kaburi la mtu mmoja. Turkana mawe machache zaidi yalibebwa, lakini kwa ajili ya watu 580, kichanga akiwemo. Anga lilikuwa moja likikauka, na watu wakatoa majibu mawili. Kwa muda mrefu wasomi waliamini kwamba ukiona jengo kubwa la kale basi palikuwa na mfalme aliyeamrisha. Lothagam inasema si lazima.

*

Najua unachotaka kusema. Maeneo mawili si sheria. Huenda watu wa Lothagam nao waligombana vibaya sana na hatukuiona mifupa yao. Na kaburi lenye usawa si ushahidi kwamba maisha yalikuwa na usawa. Sote tunajua mtu anayesifiwa sana kwenye matanga kuliko alivyopendwa akiwa hai.

Nakubali yote. Sidai kwamba ukame huwafanya watu wema, kwa sababu huo pia ungekuwa upuuzi. Nadai kitu kidogo zaidi. Fundisho la jipange lilisema "lazima". Mtu akikuambia kwamba ng'ombe wote ni weusi, huhitaji kuhesabu ng'ombe wote wa nchi. Mmoja mweupe anatosha. Watu wa Lothagam ndio ng'ombe wangu mweupe. Walikuwa kwenye mabadiliko makubwa kuliko yetu, bila serikali, bila tanki, bila utabiri wa hali ya hewa, na bado walitumia nguvu zao kuhakikisha kwamba hakuna anayeachwa nje ya hesabu. Hata kama hilo lilikuwa tangazo tu, ni tangazo walilochagua kulitoa katika wakati mbaya kabisa. Na hata kaburi ni maneno ya walio hai. Linasema wangependa kuwa watu wa aina gani.

Kuna pingamizi la pili, nalo ni kali zaidi. Linasema huo haukuwa wema, ulikuwa bima.

Hoja yenyewe ni hii. Wakati ziwa linashuka, watu hawa walikuwa wakiingia katika maisha mapya. Mifugo ilikuwa imeshuka kutoka kaskazini: ng'ombe, kondoo, mbuzi. Mahali kama Dongodien karibu na Koobi Fora, mifupa ya mifugo imepatikana pamoja na mifupa ya samaki, maana yake hawakuacha ziwa siku moja wakawa wafugaji. Walishika vyote viwili kwa muda. Ufugaji una hatari yake. Kundi lote linaweza kufa kwa msimu mmoja wa ukame au kwa ugonjwa. Mbuzi hawekwi kwenye akiba mahali penye usalama. Akiba pekee ya mfugaji ni mtu mwingine, aliye mbali, aliyepata mvua mwaka ambao wewe umeikosa. Hata leo wafugaji wa kaskazini hukopeshana na kupeana mifugo na marafiki wa mbali kwa sababu hiyo hiyo. Kwa watu wanaohamahama, mahali pasipohama panahitajika ili muonane, mjuane, mkumbushane kwamba nyinyi ni wamoja. Watafiti wengi wanaamini Lothagam ilikuwa na kazi hiyo. Ufuo ulikuwa unasogea kila mwaka, lakini nguzo zilibaki pale pale.

Kwa hivyo ndiyo, kulikuwa na faida. Lakini angalia bima inavyofanya kazi. Bima inamlinda anayelipa. Ukikosa kulipa mwezi mmoja, kadi inakataa. Kama Lothagam ingekuwa bima tu, tungetarajia shanga kwa wenye mifugo na mchanga mtupu kwa wengine. Kichanga aliyeishi wiki mbili hana mbuzi wa kukukopesha kesho, wala hawezi kulipa deni. Mtu aliyemvisha shanga alijua hilo vizuri kuliko sisi. Faida inaweza kueleza kwa nini walikutana pale. Haitoshi kueleza kwa nini hawakumruka yeyote.

*

Nimeona jambo hili kwa kiwango kidogo zaidi. Mtaani ninakoishi maji ya bomba yalipotea karibu wiki tatu. Katika ploti moja waliokuwa na madramu waliyajaza usiku, wakafunga kufuli, na asubuhi mtungi ukawa unauzwa bei ya chakula cha mchana. Ukiwauliza, wanakuambia hali ni ngumu. Ploti ya pili, ukuta mmoja katikati, mama mwenye kibanda cha mboga alirarua katoni akaandika orodha: kila mlango mitungi miwili, wenye watoto wadogo waanze. Watu walinung'unika. Mmoja alijaribu kuchukua mitatu. Lakini orodha ilishika.

Bomba lilikuwa moja, ukame ulikuwa mmoja, na kipato cha watu hakikutofautiana sana. Huwezi kusema uhaba ndio uliofunga lile kufuli, maana uhaba huo huo ndio ulioandika ile orodha.

Marehemu Henry Odera Oruka, mwanafalsafa aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi mpaka alipofariki mwaka 1995, alikuwa na hoja inayonisaidia hapa. Alisema kila binadamu ana haki ya kiwango cha chini kabisa cha maisha: usalama wa mwili, afya, na riziki ya kumwezesha kuishi. Bila hicho mtu hawezi hata kutenda kama kiumbe mwenye maadili. Baadaye aliandika kuhusu dunia kama mzazi mmoja mwenye watoto wengi, wengine wakiwa wamefaulu na wengine wakiwa wameanguka. Waliofaulu hawawezi kusema mali yao haihusiani na ndugu zao, kwa sababu mzazi ni mmoja, na aibu au msiba wa mmoja unawafikia wote.

Ninachokipenda katika hoja hiyo ni kwamba haianzi na huruma. Huruma inakuja na kwenda kulingana na usingizi uliopata. Inaanza na hesabu: nani yuko ndani ya familia? Ukishakubali kwamba fulani yumo, swali la kama unamdai au anakudai linakuja baadaye sana. Lothagam walikuwa wamejibu swali hilo kabla ya kushika jembe la kuchimbia. Nataruk pia walikuwa wamelijibu, kwa njia yao. Yule mama mjamzito hakuhesabiwa.

Na sisi pia, enyewe, hatujasahau kabisa. Fungua WhatsApp yako uone ni makundi mangapi ya mchango wa matanga uliyomo. Tunalalamika, tunazima arifa, halafu tunatuma mia mbili kwa M-Pesa kwa ajili ya mama wa mtu tuliyesoma naye darasa la sita. Hatutaki mtu azikwe kama hakuwa na watu. Ajabu ni kwamba tunamhesabu akifa, lakini akiwa hai, anaumwa, anadaiwa kodi, tunamwambia ajipange. Watu wa Lothagam, kama tafsiri ya watafiti ni sahihi, walikusanyika kwa wafu ili walio hai wasiachane. Sisi tumebaki na nusu ya kwanza.

*

Haya si maswali ya zamani tu. Ziwa linasogea tena, safari hii likipanda. Tangu kama mwaka 2010, na zaidi mwaka 2020, maziwa ya Bonde la Ufa yamefurika: Baringo, Nakuru, Naivasha, Turkana. Nyumba, shule na zahanati zimemezwa. Kando ya Turkana, maji yalizunguka sehemu ya makazi ya jamii ndogo ya Waelmolo, wavuvi ambao maisha yao yote yameangalia ziwa hilo. Wakati huohuo kule juu kwenye Mto Omo, bwawa la Gibe III lilizinduliwa mwaka 2016, na mwaka 2018 mbuga za Ziwa Turkana ziliwekwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia ulio hatarini. Maji yanaweza kuzidi mwaka huu na kupungua mwaka ujao, na uamuzi mwingine unafanywa mbali sana na ufuo.

Kwenye semina za mahotelini kuna neno la haya yote: ustahimilivu. Jamii zijenge ustahimilivu. Jamii zikabiliane. Nimeandika ripoti kadhaa za aina hiyo kwa malipo, najua jinsi sentensi zinavyopangwa. Ustahimilivu ni jipange iliyovaa suti. Inamwangalia mvuvi ambaye nyumba yake iko chini ya maji na kumuuliza yeye ana mpango gani. Rafiki yako asiye na kitu akikuambia jipange, anakupa alichonacho, yaani maneno. Mwenye bajeti akikuambia neno lilelile, anakutoa kwenye hesabu.

Na hata wasomi wa kale wana tabia hii kidogo. Tunasema "jamii za Turkana zilikabiliana na mabadiliko ya mazingira" kana kwamba jamii ni mtu mmoja mwenye miguu miwili. Jamii haikabiliani. Ndani yake kuna wanaobebwa na wanaoachwa, na swali la nani yuko wapi halijibiwi na kiwango cha mvua. Mvua huamua kutakuwa na maji kiasi gani. Nani atakunywa kwanza ni sisi tunaoamua, na ndiyo maana tunaweza kulaumiwa.

Nilitaka kupendekeza neno la kuchukua nafasi ya jipange. Kiswahili kina kiambishi -an- cha kutendeana: kusaidiana, kushikana, kuzikana. Bahati mbaya mtaani kumpanga mtu ni kumdanganya, kwa hivyo nikisema tupangane mtashika mifuko yenu. Basi tuache neno. Tuchukue lile swali la kabla ya neno: kwenye orodha hii, ni nani hayumo, na nani alimtoa?

Jambo moja la mwisho kuhusu Lothagam. Shimo lile lilitumika kwa kama miaka 700. Hiyo ni zaidi ya vizazi 20. Aliyeanza kuchimba hakuona nguzo, na aliyesimamisha nguzo hakumjua aliyechimba. Muda wote huo ziwa lilikuwa likienda mbali, na kila kizazi kilikuwa na sababu nzuri kabisa ya kusema sasa mambo ni magumu, kila mtu azike wake kwake. Kila kizazi kilibeba mtu wake mpaka pale, kikamvisha shanga, kikamlaza kando ya watu ambao hawakuwahi kuonana naye.